Bi Flashi na Rangi ya Damu ya Mzee

Ukitaka Bi Flashi akununie wiki nzima, ingia studio kwake, tazama picha zilizotundikwa ukutani, kisha umwambie, "Mama, kamera yako nzuri sana." Hapo umejimaliza mwenyewe. Atakutazama toka unyayo mpaka utosi, atavua miwani, ataipangusa kwa ncha ya mtandio, halafu atakuuliza kwa upole unaotisha: "Na wewe ukishiba, unaishukuru sufuria?"

Ndivyo alivyo, na hajifichi. Studio yenyewe ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi viatu na kinyozi. Kuna pazia la kijivu, kigoda cha kukalia, na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa kamba, kwa sababu wateja wakishajichana hujisahau wakaondoka nacho. Lakini zile picha za ukutani, ee bwana! Mabibi harusi, wanafunzi, wazee wa pasipoti, vitoto vya siku arobaini. Hakuna aliyetoka mweusi kama chungu wala mwekundu kama kapikwa. Kila mmoja ana rangi yake aliyozaliwa nayo. "Mtu analeta uso wake," Bi Flashi hupenda kusema, "na anaondoka na uso wake, si wa jirani."

Jina alilipata akiwa bado mke mpya. Mumewe alikuwa mpiga picha, naye kwenye sherehe ndiye aliyeshika ile taa ya flashi kwenye ncha ya fimbo, akimfuata nyuma kama mbeba mwavuli. Baadaye akahamia chumba cha giza. Miaka kumi na minane alisafisha picha humo ndani, vidole vikinuka dawa, akiamua kwa jicho lake picha ipi ipunguzwe njano na ipi iongezwe wekundu kidogo. Mume akirudi na sifa, yeye akibaki na kikohozi cha dawa. Watu walimwita "mke wa mpiga picha", basi. Mume alipofariki, mashemeji walikuja na sura za huruma kuuliza vyombo vya kazi vitauzwa lini. "Niuze na macho yangu?" aliwauliza. Hawakurudi tena.

Akanunua kamera ya kidijitali iliyokwisha kutumika. Mwanzoni aliiacha ijiamulie yenyewe mambo yote, akijiona kapata mteremko. Mteremko ulimfikisha kwenye harusi moja ya ukumbini ambako gauni la bibi harusi lilitoka njano kama kiini cha yai. Mama wa bibi harusi alizirusha picha mezani. "Mwanangu alivaa nyeupe! Hii umeitoa wapi?" Bi Flashi alizikusanya, akaondoka nazo.

Akajifungia siku mbili na sahani moja nyeupe. Akaipiga picha dirishani, akaipiga chini ya balbu, akaipiga chini ya zile taa ndefu za mrija, akaipiga nje kivulini. Sahani ni ileile, lakini picha zilitoka nne za rangi nne: moja nyeupe, moja njano, moja ina ukijani, moja imeingiwa na buluu. Hapo akaelewa. Kila mwanga una rangi yake, ila jicho la mtu lina huruma, linasamehe, linakwambia "sahani ni nyeupe tu, usijali." Kamera haina huruma. Kamera husema ilichokiona, na usipoielekeza weupe ni upi hapo ulipo, itabahatisha. Mafundi huita jambo hilo mizani ya weupe. Akanunua na kadi ya kijivu, ngumu, kubwa kama daftari, kijivu kisichoegemea rangi yoyote. Unaiweka pale pale penye kazi, unaipiga picha, unaiambia kamera: hiki hakina rangi, anzia hapa. Ile kadi aliibatiza jina, akaiita Hakimu.

Sasa, Bi Flashi ana dada yake mkubwa. Mtaa unamwita Mama Rangi, kwa kuwa anatia vitambaa rangi uani kwake, na mikono yake toka viwiko kushuka chini haijaonekana rangi yake halisi tangu ujana. Miaka thelathini wachuuzi walinunua vitambaa vyake na kwenda kuviuza kama vyao. Yeye mwenyewe hakuwahi kujitangaza. "Chema chajiuza," alikuwa akisema, na kweli kilijiuza, ila kwa majina ya watu wengine.

Mpaka siku meneja wa hoteli moja kubwa, mwanamke mwenye haraka zake, alipoona kilemba kichwani mwa mteja, akauliza, akaelekezwa, akafika mpaka uani. Ukumbi wa hoteli ulikuwa unakarabatiwa. Walitaka mapazia ya madirisha yote ishirini na manne, rangi ya damu ya mzee, ule wekundu mzito unaokaribia zambarau. Wenye hoteli wako mbali, wangechagua kwa kutazama picha. Wakiridhika, kazi yote ni ya Mama Rangi, na mlangoni pa ukumbi kitawekwa kibao chenye jina la aliyevitia rangi vitambaa.

"Jina langu?" Mama Rangi aliuliza.

"Jina lako, mama. La nani tena?"

Usiku huo, Mama Rangi alimwambia mdogo wake baadaye, hakulala. Alitaka kazi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka akiwa mtu mzima.

Mkwewe, mume wa binti yake, ndiye aliyekuwa akishughulikia ujumbe wa simu. Si mtu mbaya, ila ana ugonjwa wa kujua kila kitu. Akasema, "Mama, kwa kazi kubwa hivi tutafute mtaalamu. Kuna jamaa ana taa kama za uwanja wa mpira."

"Na mdogo wangu yupo?"

"Mama mdogo ni mzuri kwa picha za pasipoti," mkwe akasema.

Maneno hayo yalifika studio kabla mkwe hajafika nyumbani kwake. Bi Flashi alivimba kama andazi. Alasiri hiyohiyo alifunga duka, akabeba kamera na kigoda cha kupandia, akaenda uani kwa dada yake kwa mwendo wa mtu anayekwenda kudai haki. Kufika, kufungua mkoba, Hakimu hayumo. Kabaki mezani studio.

Kurudi ni dakika ishirini, kuja ishirini, na jua lilikuwa linashuka. Na mkwe yuleyule kasimama pale, mikono kifuani, anatazama saa. Bi Flashi angekufa kuliko kusema mbele yake kwamba amesahau kitendea kazi. Akakohoa, akasema kama jambo la kawaida, "Dada, nipe kitu cheupe. Cheupe kwelikweli."

Mama Rangi alitabasamu. Aliingia ndani akatoka na shuka lake la wageni, limekunjwa kama barua. Jamani, lile shuka! Weupe wake ulikuwa unachoma macho. Mtaa mzima uliujua, maana likianikwa majirani huanua ya kwao kwa aibu. Bi Flashi akalitundika kambani, akalipiga picha, akaiambia kamera: huu ndio weupe, uushike. Kisha akapiga vitambaa, kimoja kimoja. Kwenye kioo kidogo cha kamera, jua likiwaka juu yake, picha zilionekana salama. Mkwe akazituma palepale.

Jibu lilikuja siku ya pili, Jumatano. Mkwe alilisoma kwa sauti uani, tena polepole, kana kwamba ni hukumu: "Tuliomba damu ya mzee. Mmetuletea rangi ya matofali. Ijumaa saa sita mchana tusipopata sahihi, tutatafuta wengine."

"Mimi sisemi kitu," mkwe akasema. Kisha akasema robo saa nzima.

Mama Rangi alikuwa anakoroga pipa, akaendelea kukoroga, mgongo kawapa. Afadhali angefoka. Bi Flashi aliona haya mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze. Kuharibu picha ya mtu mwingine ni fedheha, lakini hii ilikuwa kazi ya dada yake, dada aliyemtetea mbele ya mkwe, na jina lililokaribia kuandikwa baada ya miaka thelathini. Alirudi nyumbani akalia, akaosha uso, akalia tena.

Alhamisi asubuhi alirudi na picha aliyoisafisha kwenye karatasi, na safari hii Hakimu alikuwa kwapani. Mama Rangi alikuwa anafua. Bi Flashi hakumwomba msamaha, maana hakujua bado aombe msamaha wa nini. Alitandaza kitambaa juu ya meza, akaweka picha juu yake. Kweli, matofali. Kila kitu kwenye picha kilivutwa kwenye njano: kitambaa, mlango wa nyuma, hata mikono ya mkwe. Kitu kimoja tu kilikuwa safi kabisa, hakina doa. Lile shuka.

"Wewe shuka," Bi Flashi akanong'ona, "mbona uko peke yako?"

Akainua macho. Mama Rangi alikuwa anasuuza nguo nyeupe. Alichukua kifurushi kidogo cha kitambaa, akakitumbukiza kwenye beseni la mwisho, akakizungusha, na maji yakageuka rangi ya anga.

"Dada, hiyo ni nini?"

"Buluu. Tangu lini umekuwa mgeni? Si mama alitufundisha? Nguo nyeupe isiyotiwa buluu ni nguo ya mvivu."

Bi Flashi aliruka. Akaingia ndani bila hodi, akatoka na shuka la wageni na sahani nyeupe, akaviweka kivulini bega kwa bega na Hakimu. Ukilitazama peke yake, shuka ni theluji. Ukiliweka karibu na sahani, ni kama maziwa yaliyoongezwa maji, lina buluu waziwazi. Miaka na miaka ya buluu, mfuo baada ya mfuo! Bi Flashi alicheka mpaka akakaa chini.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Dada! Mimi kimenila shukani!"

"Umepatwa na nini wewe?"

"Sikiliza. Niliiambia kamera, huu ndio weupe. Kamera ni mtumishi mtiifu, haibishi. Imeona buluu shukani, ikadhani mwanga wenyewe ndio una buluu. Basi ikaanza kumwaga njano kila mahali ili kuiondoa. Shuka likatoka jeupe, na damu ya mzee yako ikawa matofali."

Mama Rangi aliweka mikono kiunoni, povu likimdondoka. "Kwa hiyo kosa ni usafi wangu?"

"Hapana, Dada." Kicheko kikamwishia. "Kosa ni langu. Nilisahau kadi yangu, na niliona haya kusema mbele ya mkweo. Nisamehe."

Mama Rangi alijipangusa povu. "Ungesema ningekungoja hata mpaka kesho," akasema. "Haya, simama. Ijumaa haitakusubiri ucheke."

Kazi ya asubuhi ile, Bi Flashi huielezea mpaka leo, na hajawahi kuifupisha. Alihamisha kamba toka ukuta wa kijani, kwa sababu ukuta hutema rangi yake juu ya kitambaa. Aliamuru turubai la buluu lililofunika mapipa liondolewe. Alichagua upande wa nyumba wenye kivuli sawasawa, si jua nusu kivuli nusu. Mkwe alipotokea, akapewa Hakimu amshike. "Kifuani, baba. Nyoosha. Usiinamishe. Hivyo hivyo, usiheme." Mkwe, mtu wa maneno, alisimama wima kama mwanafunzi aliyechelewa. Kisha kadi ikatolewa, kitambaa kikawekwa, picha ikapigwa. Na kila jua liliposogea, alimpiga Hakimu upya. Safari hii picha haikutumwa mpaka aliposafisha moja studio, akairudisha, akailaza juu ya kitambaa chenyewe. Mama Rangi aliinama akatazama, akapitisha kidole kutafuta picha inapoishia na kitambaa kinapoanzia.

"Enhe," akasema. Kwa Mama Rangi hiyo ni hotuba.

Jibu lilikuja Ijumaa saa nne: "Hiyo ndiyo. Endeleeni na yote." Mkwe alilisoma mara tatu. Wiki sita zilizofuata ua ule haukupoa moto.

Ungedhani hadithi imekwisha. Na Bi Flashi naye alidhani, mpaka siku ya kutundika. Walikwenda wote watatu. Ukumbi ulikuwa unanuka rangi mpya, madirisha yamefungwa vibao kwa ajili ya vumbi la mafundi, na juu dari nzima inang'aa kwa balbu. Mapazia mawili ya kwanza yakapanda. Meneja akarudi nyuma hatua tano, akatoa simu yenye picha, akalinganisha, uso ukamwiva.

"Siyo yenyewe," akasema. "Picha ni nzuri, ina ule uzambarau. Hii ni kahawia. Mmebadilisha dawa?"

Mama Rangi alishika kiti. Vitambaa vyote vilikwisha kutiwa rangi, na rangi haitolewi. Mkwe ndiye aliyedandia, "Samahani sana, mama, unajua zile picha zetu mara ya kwanza pia zilikuwa na..."

"Baba, nyamaza," Bi Flashi akasema. Hakupaza sauti, lakini fundi aliyekuwa juu ya ngazi alishuka.

Akaenda katikati ya ukumbi. Akamgeukia meneja. "Mama meneja, ukuta huu mmepaka rangi gani?"

"Nyeupe. Si unauona?"

"Nauona." Akaiweka kamera kwenye alama ya jua, kana kwamba yuko nje mchana, akaupiga ukuta picha, akampa meneja kioo kidogo atazame. Meneja akatazama. Akatazama ukuta. Akatazama tena. Kwenye picha ukuta ulikuwa na rangi ya papai lililoiva.

"Hii si kweli," meneja akasema.

"Ni kweli tupu. Ndio mwanga wa balbu zenu huo. Macho yako yamekaa humu tangu asubuhi, yameuzoea, yanakuhurumia yanakwambia ukuta mweupe. Lakini kitambaa hakina mtu wa kukihurumia. Njano yote hiyo inakiangukia, ule uzambarau umezimwa. Fundi, zima taa. Na nyie, toeni vibao vya dirishani."

Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani hata atoe amri hotelini kwa watu. Taa zikazimika. Ukumbi ukawa kiza kidogo, vibao vikaanza kung'olewa, kimoja, cha pili, cha tatu, mwanga wa saa tano ukamwagika sakafuni na kupanda mapaziani. Na rangi ikaja. Ilikuja mbele ya macho yao, toka kahawia mpaka wekundu, toka wekundu mpaka ule uzito wa damu ya mzee wenye zambarau ndani yake. Fundi wa ngazi akasema "Lo!" Meneja aliinua simu ikakaa sambamba na pazia, na mkono wake haukushuka kwa muda mrefu.

"Ndiyo hii," akasema hatimaye, kwa sauti nyingine kabisa. "Ndiyo hii hasa. Sasa mama, usiku tufanyeje? Taa tufunge zipi?"

"Nyeupe, zisizo na njano. Nitakuja na kadi yangu, nitazipima moja moja kabla hamjanunua," Bi Flashi akajibu. Kidevu kilikuwa juu, na alikuwa na haki nacho. Mkwe alimsogelea akasema kwa unyenyekevu, "Mama mdogo, mimi ile siku ya pasipoti..." Akamkatiza, "Yamekwisha, mwanangu. Ila kadi utaishika wewe."

Meneja alitoa daftari kuandika jina la kibao cha mlangoni. Mama Rangi akalitaja lake kamili, herufi kwa herufi. Kisha, badala ya kukaa, akamshika mdogo wake mkono na kumvuta mbele ya wote, kwa mkono wake mwekundu wa rangi, akasema:

"Huyu mmemwona? Ni mdogo wangu. Mama alipokuwa kazini nilimbeba mimi mgongoni, mzito, mtukutu, analia njia nzima. Miaka yote nilijua mbebaji ni mimi. Leo nilikuwa naanguka hapa, mbele yenu, na yeye ndiye kanibeba. Fundi huyu. Mtu asije akaniambia kitu."

Bi Flashi, mwenye jibu la kila mtu, alivua miwani. Akaipangusa kwa mtandio. "Dada, usinilize," akasema, "nina kazi hapa." Akaichukua kamera, akampiga Hakimu penye mwanga mpya wa dirisha, kisha akaanza kupiga mapazia, na mbele ya mapazia dada yake, kasimama mikono wazi ionekane yote.

Picha za siku ile ziko ukutani studio, na rangi zake ukiziona utakubali mwenyewe. Mbili kati yake zimetikisika, maana mikono ya mpigaji ilikuwa inatetemeka. Mteja mmoja mjuaji alimshauri aziondoe. Bi Flashi akamwonyesha mlango.